Redio ya Gari katika Kibanda cha Rolande

Jumamosi, tarehe 11 Aprili 2026. Asubuhi ilikuwa na ukungu mwembamba na baridi ya kuuma vidole. Manyunyu yalianza mapema, yakakata, yakaanza tena. Juu ya bustani za Evere, pembeni mwa jiji la Brussels, mbingu ilikuwa ya kijivu toka upande mmoja hadi mwingine, na Tharcisse, aliyeshuka kwenye basi na mfuko wa vyombo begani, alisimama mbele ya kibanda cha marehemu mke wake akiitazama mbingu hiyo kwa wasiwasi. Paneli yake ya sola ilikuwa juu ya paa, imelowa, inangoja jua.

Siku hiyo familia ilikuwa inaondoa kilio. Mwaka ulikuwa umetimia tangu Rolande azikwe, na Maman Mwadi, dada yake mkubwa, alikuwa ameamua mambo yafanyike hapo bustanini, kwa sababu ndipo Rolande alipopenda kukaa. Baada ya sala ungepigwa muziki, wa kwanza tangu mazishi. Kisha Tharcisse angempa Marie-Claire, mwenyekiti wa chama cha bustani, ufunguo wa kibanda, na eneo lingekwenda kwa familia nyingine iliyokuwa ikingoja zamu yake. Ndivyo alivyopanga. Wimbo mmoja ndani ya kibanda kama Rolande alivyoomba, halafu ufunguo.

Rolande alikuwa ameomba kwa miaka. Kibanda kilikuwa cha mbao, hakina umeme, maana waya hazifiki katika bustani zile na jenereta zimekatazwa. "Weye unaweka redio mu magari ya bantu siku muzima," alikuwa akimwambia mumewe. "Mie uniwekee moja tu kule kwangu, nisikie kwaya nikilima." Tharcisse hakuwahi kukataa. Alisema, mwaka huu nitafanya. Lakini kazi ya kiwanda cha magari cha Forest, mtaa mwingine wa jiji, ilikuwa ya zamu, Jumamosi alilala, Jumapili ilikuwa ya kanisa, na mwaka ukaisha.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia. Hakujua jinsi ya kufanya. Kiwandani alikuwa anachomeka plagi moja ya waya nyuma ya dashibodi, plagi inalia klik, gari linasogea, linakuja lingine. Umeme ulitoka wapi na ulikwenda wapi, hakuna aliyemwuliza, naye hakumwuliza mtu. Rolande aliwasimulia wenzake wa kanisani kwamba mume wake ni fundi wa redio za magari, na Tharcisse aliacha isemwe hivyo.

Kiwanda kilifungwa mwisho wa Februari ya mwaka uliopita. Aprili, Rolande akafariki. Septemba, Tharcisse akajiandikisha shule ya jioni, somo la umeme, akakaa kwenye dawati pamoja na vijana wa umri wa binti yake. Kabla ya kila zoezi alifunga macho na kusali kwa sauti ya chini. Mwanzoni walimtazama. Baadaye wakazoea, na siku ya mtihani mmoja wao alimwomba amtaje na yeye katika sala hiyo.

Alijifunza polepole, lakini alichojifunza kilikaa. Mwalimu alisema kwamba mahali pasipo umeme mtu haanzi kwa kuuliza anataka sauti kubwa kiasi gani. Anaanza kwa kuuliza jua litampa nini. Basi Tharcisse akachagua redio ya gari, kwa kuwa inakula kidogo na inaunganishwa na betri moja kwa moja. Spika mbili alizifunga ndani ya masanduku ya mbao ya mvinyo, ili sauti ndogo isipotee. Kati ya paneli na betri aliweka kisanduku cha kulinda chaji. Betri yenyewe alipewa na Shemasi Élisée wa kanisa lao, ilitolewa katika gari lililolala nje majira yote ya baridi.

Kila waya alioukaza, aliukaza kwa maombi. "Bwana, nyekundu kwa nyekundu," alisema, "nyeusi kwa nyeusi. Usiniache nichanganye."

Jambo moja tu hakulifanya. Nyumba iliyo katika kilio haipigi muziki, na Tharcisse aliishika desturi hiyo kuliko mtu yeyote katika familia. Redio ya jikoni aliifunika kitambaa. Ndani ya basi, kijana akikaa karibu naye na simu inayolia nyimbo, alihama kiti. Hivyo redio ya kibanda hakuwahi kuiacha itoe sauti. Aliiwasha, namba zikaonekana kwenye kioo, akaizima upesi kabla haijatamka kitu. Mwalimu alikuwa amewaonya: betri isiyo na mzigo inaweza kukudanganya, ipe kazi kwanza ndipo uipime. Siku mbili kabla ya kuondoa kilio, Tharcisse aliipa kazi ya taa moja ndogo, ya ukubwa wa kidole. Taa iliwaka bila kuyumba mpaka alipofunga mlango kwenda kushika basi. Mita ilionyesha zaidi ya volti kumi na mbili. Alimshukuru Mungu akaenda nyumbani.

Sasa alifungua kibanda, akapima tena. Volti zilikuwa zile zile.

Binti yake, Darlène, alifika wa kwanza, amebeba sufuria ya wali imefungwa kwa kitenge. Alikuwa mtu wa maneno machache tangu mazishi, hasa mbele ya baba yake.

"Bonjour, papa. Inapiga?"

"Nimepima. Iko muzuri."

"Sijauliza kama umepima."

"Itapiga, Darlène. Na musaada ya Mungu."

"Na musaada ya Mungu," alirudia, akaweka sufuria juu ya benchi, akaanza kufuta viti bila kumtazama.

Kabla ya adhuhuri wote walikuwa wamefika. Maman Mwadi alikuja kutoka Forest na kofia ya sufi juu ya kilemba, akasimama chini ya paneli, mikono kiunoni.

"Shemeji, ile kitu kule juu ni ya muziki ao ni ya kuanikia samaki za sambaza?"

"Ni ya muziki, maman."

"Na jua iko wapi?"

"Betri ilishakula jua ya juzi."

"Bon. Tutaona kama ilishiba."

Watu walicheka, hata Tharcisse. Marie-Claire alikuwa amesimama kando na buti zake za mpira, mwanamke Mbelgiji mwenye nywele nyeupe, muuguzi mstaafu, ambaye kipande chake cha bustani kilipakana na cha Rolande. Hakuelewa Kiswahili lakini alicheka pamoja nao. Wakulima wengine wawili, mume na mke, walikuwa ng'ambo ya wigo wakipanda vitunguu.

Shemasi Élisée alisali. Sala ilikuwa ndefu, akamtaja Rolande kwa kazi zake zote, wagonjwa aliowaogesha, watoto wa wengine aliowalea, na mboga za lengalenga alizowagawia majirani. Maman Mwadi akamsogelea Tharcisse, akamfungua kitambaa cheusi cha kilio alichokuwa amefungwa mkononi, akakikunja, akakitia ndani ya mkoba.

"Kilio imeisha," alisema. "Dada yangu apumzike. Na weye pia, shemeji, uwe muntu tena. Sasa tupe muziki."

Tharcisse aliingia kibandani. Alikuwa ameuhifadhi wimbo tangu Desemba kwenye flashi iliyochomekwa redioni, kwaya ya parokia ya Kadutu, kule Bukavu, ambamo yeye na Rolande waliimba wakiwa vijana. Alifanya ishara ya msalaba, akabonyeza.

Kinanda kikaanza. Sauti za wanawake zikapanda, safi, zikatoka mlangoni na kuwafikia waliosimama kwenye majani yaliyolowa. Mtu alivuta pumzi. Maman Mwadi alianza kuyumba taratibu, macho amefumba, mkono mmoja juu.

"Ongeza!" alisema. "Shemeji, Rolande hakukuwa kiziwi lakini ongeza!"

Tharcisse akaongeza. Besi ilipoingia, namba kwenye kioo cha redio zilififia. Wimbo ulikatika katikati ya neno. Redio ikazima, ikawaka yenyewe, kinanda kikatoa noti moja, ikazima tena.

Alizima, akangoja, akawasha. Noti moja, kimya. Alikaza waya ambazo tayari zilikuwa zimekazwa. Alichukua mita na kuigusisha kwenye betri, na mita ikamwonyesha volti nzuri kabisa, kama asubuhi, kama juzi. Akawasha redio huku akiitazama mita, ndipo akaona namba zinaporomoka. Akazima, zikapanda. Alielewa. Betri ilikuwa imekufa zamani, ilibaki na umbo la betri. Taa ndogo haikuiomba kitu, kwa hiyo haikumwambia kitu.

Nje, mmoja wa binamu za Rolande akanong'ona, "Labda marehemu amekataa."

"Tusiongee vile," alisema Shemasi Élisée. "Ni betri yangu. Samahani, papa Tharcisse. Sikujua."

Maman Mwadi alikuja mlangoni. Hakuwa na utani tena usoni.

"Haukujaribu hata siku moja?"

"Ningejaribu namna gani, maman? Tulikuwa mu kilio."

"Kilio ya nani?"

"Ya Rolande. Nilisema nisipige hata kidogo mbele ya siku yenyewe. Kwa heshima yenu."

"Shemeji, mie nilifungua redio yangu nyuma ya quarante jours, arobaini ilipoisha. Nilikuwa naosha vyombo, nikafungua, nikalia, nikamaliza vyombo. Nani alikukataza muziki mwaka muzima?"

"Nilifikiri familia itakasirika."

"Ulituuliza?"

Tharcisse aliweka mita juu ya benchi. "Hapana," alisema. "Sikuuliza."

Darlène alimtafsiria Marie-Claire kwa maneno mafupi kilichotokea. Marie-Claire alisikiliza, akafikiri, kisha akauliza kwa Kifaransa kama ataruhusiwa kuingia. Alipita mbele ya Tharcisse, akainama, akatoa chini ya benchi beseni la zamani la bati lenye maua ya rangi yaliyobanduka, akalipangusa udongo kwa mkono wa koti. Akalisimamisha kwenye ukingo wa dirisha, limeegemea ukuta.

"Darlène," alisema, "weka simu yako humu. Wimbo ule ule, kama unao."

Darlène aliweka. Alijua jinsi ya kuiweka, uso wa simu ukitazama ndani ya beseni, na kitambaa chini yake isiteleze. Kwaya ikaanza upya. Sauti ilikuwa nyembamba na yenye ukali wa bati, haikuwa na besi, lakini ilitoka, ikafika mpaka kwenye wigo, na wale mume na mke waliokuwa wakipanda vitunguu walinyoosha migongo na kutazama.

"Ndivyo Rolande alivyofanya," Marie-Claire alimwambia Tharcisse.

"Tangu lini?"

"Tangu nimfahamu. Alikuja asubuhi, anafungua, anatoa beseni, nasikia kwaya. Nami nilizoea. Siku asipokuja bustani ilikuwa kimya kupita kiasi."

Tharcisse alilitazama beseni. Alilikumbuka. Walilinunua pamoja walipofika nchi hii, likapotea nyumbani, akadhani limetupwa.

"Alisema kitu?" aliuliza. "Juu ya muziki?"

Marie-Claire alisita. "Alisema beseni hili ni la kungojea tu. Kwamba mume wake ni fundi, atakuja kumwekea muziki wa kweli. Kila masika alisema ni mwaka huu." Akaongeza, kwa sauti ya chini, "Nilidhani ni utani wenu."

"Alikuwa anacheka, akisema?"

"Mara nyingine."

Hakumwuliza kuhusu zile mara ambazo hakucheka. Alimgeukia Darlène.

"Na weye ulijua beseni?"

"Nilijua, papa."

"Mbona haukuniambia?"

"Ungekuja?"

Wimbo ukaendelea ndani ya beseni mpaka mwisho. Kwa mwaka mzima Tharcisse alikuwa amebeba jambo hili kana kwamba Rolande alikufa bila muziki, na yeye ndiye wa kuuleta. Kumbe muziki alikuwa nao. Kiti cha pili, mbali na cha Rolande, kilikuwa pale kando ya benchi, kiti cha kukunjwa, kitambaa chake hakijachakaa hata kidogo. Tharcisse alikuwa amekiona, akidhani ni cha wageni; kilikuwa kikimngoja yeye.

Alitoka nje, akaenda nyuma ya kibanda karibu na pipa la maji, akajaribu kusali. Maneno aliyoyazoea hayakuja. Alisema tu, "Bwana, alinililia mimi, hakulilia redio," na baada ya hapo alisimama, manyunyu yanamdondokea shingoni, mpaka Maman Mwadi alipomwita kula.

Walikula wamesimama, sahani mkononi, wali, maharagwe na sambaza alizoleta Maman Mwadi mwenyewe. Beseni lilipiga nyimbo nyingine, watoto wa binamu wakacheza. Kilio kilikuwa kimeisha kweli, ilionekana kwa jinsi watu walivyoongea kwa sauti. Mchana mawingu yalifunguka kidogo juu ya makaburi ya jirani, paneli ikang'aa, na kisanduku cha chaji kikawasha taa yake ndogo ya kijani, kikijaza betri isiyoweza kushika kitu.

Ndipo Marie-Claire akamsogelea, akijifuta mikono.

"Monsieur Tharcisse, sipendi kukuharakisha. Ila Jumatatu kamati inakaa, na kuna familia inangoja. Ulisema utanipa ufunguo leo."

Alikuwa nao mfukoni. Aliutoa. Ulikuwa umefungwa kwa uzi mwekundu, fundo la Rolande. Marie-Claire alinyoosha mkono, na Tharcisse akabaki ameushika.

"Nikikupa sasa," alisema kwa Kifaransa chake cha shule ya jioni, akichagua kila neno, "nitakuwa nimemwambia Rolande 'mwaka huu', na sikufanya. Mpaka mwisho. Nataka kubaki na bustani."

Marie-Claire hakutabasamu. "Bustani ni ya kulimwa. Si ya kukumbukia. Rolande alikuwa hapa kwenye mvua. Wewe nimekuona mara chache sana."

"Ni kweli."

"Mtu asipoonekana, tunachukua eneo lake. Hata yeye tungemchukulia."

"Ni haki."

Maman Mwadi alikuwa amesogea, sahani mkononi. "Anasema nini?" alimwuliza Darlène, na Darlène akamweleza. Maman Mwadi akatikisa kichwa. "Huyu muntu anajua kuahidi. Kwa kuahidi hana mwenzake mu Bruxelles yote. Mwambie Madame asikubali 'mwaka huu'. Huyu ataje siku."

Darlène aliyatafsiri hayo pia, yote, bila kuyapunguza. Hapo Marie-Claire akacheka.

"Bibi huyu ana akili," alisema. "Kwetu anayechukua eneo anaahidi mwenyewe mbele ya wanachama, ndipo anapewa. Hata mama yako alisema, Darlène, nilikuwepo." Akaita ng'ambo ya wigo, na wale mume na mke wakaja na mikono ya udongo, wakasimama. Shemasi Élisée alizima simu ndani ya beseni. Binamu wakawanyamazisha watoto.

Tharcisse alimtazama binti yake. Darlène alikuwa amekunja mikono kifuani, anangoja kama wengine, na uso wake haukumpa chochote. Tharcisse alijua kwamba hakuna atakalosema litakalomfikia Rolande, aliyestahili kulisikia. Aliuweka ufunguo juu ya kiganja, watu wote wauone, akasema kwa Kifaransa kwanza, kisha akarudia kwa Kiswahili ili Maman Mwadi asihitaji mtafsiri:

"Mie Tharcisse, mume wa Rolande. Nilimwambia miaka mingi kama nitakuja, sikuja, na hatanisikia tena. Hiyo siwezi kuitengeneza. Lakini Jumamosi inayokuja, asubuhi, mvua ao jua, mutanikuta hapa na jembe. Nitakuja na betri ingine, niliyoipima kwa mzigo, na kama haiko, nitatumia beseni. Na Jumamosi ingine, na ingine. Siku moja nisipoonekana bila ugonjwa, Darlène achukue huu ufunguo mu mfuko yangu bila kuniuliza, ampe Madame. Nasema mbele ya Mungu na mbele yenu, na weye Maman Mwadi ndiye utanihesabia."